Kiangazi cha Winipeg Nilichomficha Mama Fina

Jumapili, mwezi wa saba. Kasulo, jioni.

Asubuhi ukungu ulikaa mpaka karibu saa tatu, kisha jua likatoka na vumbi la barabara ya malori likainuka nalo. Kulipokucha kipimajoto kilichoning'inia chini ya paa kilisoma nyuzi kumi na tatu. Mchana kilifika ishirini na sita. Nayaandika haya kwa mazoea tu.

Leo sina moyo wa kuandika hali ya hewa. Nina aibu.

Mnaopita kwenye blogu hii mnajua kazi yangu ya Jumamosi. Nikishapeleka makaratasi ya chama cha msingi mjini Ngara, huingia kwenye chumba cha kompyuta na kutafuta joto la miji minne, miwili ya kaskazini mwa ikweta na miwili ya kusini, nikaliweka kando ya joto la kwetu. Mnanitania kwamba karani wa mizani ya kahawa hawezi kuona kitu bila kukipima. Ni kweli. Tangu kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alipochukua kibuyu cha kunywea pombe, akakiinamisha na kukizungusha kandokando ya taa ya chemli kutuonyesha dunia inavyolizunguka jua, nimekuwa nikifurahi kila nikikumbuka kwamba mwezi mmoja huohuo wapo watu wanaotafuta kivuli na wapo wanaotafuta moto. Sisi huku karibu na ikweta tunahesabu mvua na ukame. Wao wanahesabu joto na baridi, na upande mmoja ukianza kupata joto, mwingine unaanza kupoa.

Jumamosi hii sikwenda mjini. Haya nayaandika kwa mkono, nitayachapa nikifika huko. Majina nimeyabadilisha, isipokuwa ya miji.

Nianze na mama yangu, kwa sababu yote yameanzia kwake.

Mama alipooza upande wa kushoto wakati wa masika yaliyopita. Anaongea kwa nusu ya mdomo, anasikia vizuri, na akili yake iko palepale. Mimi ndiye mtoto aliyebaki nyumbani. Kaka yangu yuko Mwanza na kila nikimpigia hunijibu, "Mtafutie mtu." Nilimtafutia. Msichana wa kwanza mama alimtemea uji. Wa pili alivumilia siku chache, akaondoka bila kuaga. Mimi mwenyewe nikimlisha anaufunga mdomo na kutazama ukuta, kama mtoto aliyesusa.

Kisha akaja Mama Fina. Ni Mrundi, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi na binti yake mmoja mwenye kifua kibovu. Alikuja kwetu kwanza kuomba kibarua cha kupalilia maharage, kama wengi wa kambini walivyofanya miaka yote hii, maana posho ya chakula haitoshi na inazidi kupungua. Siku hiyo alimsikia mama akilia ndani, akaacha jembe, akaingia. Nilipotoka kazini nilimkuta mama amekaa, amesukwa nywele, na bakuli la uji likiwa tupu. Walikuwa wakizungumza, mmoja Kirundi na mwingine Kihangaza chetu, lugha zinazosikilizana, na hakuna aliyekuwa akimtafsiria mwenzake.

Tangu siku hiyo jembe sikumpa tena. Huja asubuhi kila anapopata kibali cha kutoka, na siku nyingine huja bila kibali. Anamwogesha mama, anamgeuza, anamlisha, anamchekesha. Mimi nikaweza kurudi kwenye mizani. Msimu wa kahawa ukifika foleni ya wakulima inaanza alfajiri, na karani asipokuwepo siku mbili nafasi yake hukaliwa na mtu mwingine.

Nilimzoea Mama Fina kama mtu anavyozoea paa la nyumba yake.

Wiki iliyopita alifika amechelewa, kanga yake ameifunga kichwani vizuri kama mtu atokaye misani. Nikamwamkia.

"Marahaba, Kalani," akasema. Ananiita Kalani badala ya Karani, kama wengi wa huku. "Jina letu limetoka ofisi ya wakimbizi. Mimi na Fina. Tunapelekwa Kanada, mji unaitwa Winipeg."

Nikasema hongera. Mdomo ndio uliosema.

Ndipo akaniambia kinachomsumbua. Mdogo wake, Venansi, alikwenda Australia mwaka juzi, mji wa Adelaide. Siku chache kabla ya hapo alimpigia simu akamwambia huko ni baridi, mwezi huu wa saba, anavaa makoti mawili na bado vidole vinauma. "Na wewe umesoma haya mambo," Mama Fina akasema. "Huko Kanada nako ni hivyo?"

Nilikuwa na jibu kamili. Jumamosi mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimeiweka Winipeg na Adelaide kwenye safu moja. Adelaide, iliyo kusini mwa ikweta, sasa iko kwenye baridi yake: nyuzi nane hivi usiku, kumi na tano mchana. Winipeg, iliyo kaskazini, sasa iko kwenye kiangazi chake: kumi na tatu alfajiri, ishirini na sita mchana. Ni sawasawa na Kasulo. Niliandika hapa kwamba mtu akifumbwa macho mwezi huu na kuhamishwa kutoka barazani kwetu hadi Winipeg, ngozi yake haitajua kama amesafiri. Wengine mlinijibu mkicheka.

Nilimjibu Mama Fina hivi: "Winipeg ni baridi kuliko Adelaide."

Hilo ni kweli. Ukichukua baridi kali ya kila mji, Winipeg inaishinda Adelaide mbali mno. Mwezi wa kwanza inafika ishirini na zaidi chini ya sifuri. Lakini yeye aliniuliza akiwa na mwezi wa saba kichwani. Niliona usoni mwake jinsi alivyoyaunganisha: kama mdogo wake analia sasa, na Winipeg ni baridi zaidi, basi kule sasa hivi pamekufa kabisa, na hakuna mwezi wa mwaka ambao mtu anavua koti.

Nilimwona akikosea hesabu, nikanyamaza.

Na sikuishia hapo. Kesho yake nilimwomba anisindikize mpaka kwa Shabani, mwenye duka la vinywaji pale malori yanaposimama. Shabani ni mtu wa Nemba, alihamia huku kufuata biashara ya kambi, na ana friji kubwa la kugandisha linaloendeshwa kwa jenereta. Nilibeba kipimajoto changu mfukoni. Nataka hili lieleweke: nilikibeba toka nyumbani. Haikuwa hasira wala kupitiwa. Nilipanga.

"Kalani," Shabani akasema, "leo umekuja kupima soda zangu?"

"Fungua friji tumwonyeshe mama huyu kitu."

Nikaweka kipimajoto kati ya samaki na chupa, tukasubiri, nikamwonyesha: nyuzi tatu chini ya sifuri. Kisha nikamwambia Mama Fina atie mkono. Akautia mpaka kwenye kiwiko, akacheka.

"Yoo, kinauma hiki kitu."

"Usiutoe," nikasema.

"Dada, vumilia," Shabani akamwambia. "Hao sangara wako humo tangu Jumatatu na hakuna aliyelalamika."

Madereva waliokuwa wamekaa kwenye kreti wakacheka. Mama Fina naye akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alipoutoa mkono aliufunika kwa kanga na kuushika kwa mkono wa pili, kama anamshika mtoto.

"Mwishoni haukuuma tena," akasema polepole. "Ukawa kama si wangu."

"Huko Winipeg nje ni baridi kuliko humo ndani," nikasema.

Sikutaja mwezi. Mimi, nisiyeandika gunia moja la kahawa bila tarehe, sikutaja mwezi.

Akaniuliza kama watoto wanatoka nje. Nikasema wanatoka, wanakwenda shule. Akauliza Fina na kifua chake itakuwaje. Nikainua mabega. Njiani tukirudi akauliza swali la mwisho, swali la mkulima, ambalo nadhani ndilo alilolibeba tangu mwanzo.

"Maharage wanapanda lini?"

Nikasema, "Sijui."

Hapo ndipo niliposema uongo. Mengine yote nilikuwa nimeyasema kweli na kuyakata nusu. Hili lilikuwa uongo mzima. Najua wanapanda lini. Theluji inayeyuka, udongo unapata joto, mwishoni mwa mwezi wa tano wanapanda, na mwezi wa nane au wa tisa wanavuna. Niliwahi kulisoma na kulifurahia. Kumwambia mkulima kwamba hujui nchi fulani inapanda maharage lini ni kumwambia kwamba nchi hiyo haina uhai.



Najua nilikuwa naogopa nini. Nilimwona mama yangu kitandani na mdomo uliofungwa. Niliona mizani ikikaliwa na mtu mwingine. Nilijiambia kwamba mtoto mwenye kifua kibovu kweli ataumia, kwa hiyo namlinda Fina. Siku mbili nzima nilijiambia hivyo, na kwa siku mbili hizo nililala vizuri. Hilo nalo linanitia aibu.

Jana, Jumamosi, Mama Fina alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi.

Alikuwa ameipata kwa mwenzake wa kambini kwa kumpa sehemu ya posho yake ya unga. Aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Kwetu, na kwao ng'ambo ya mpaka vilevile, anayekuletea pombe huionja kwanza mbele ya macho yako ili ujue haina sumu. Alichukua mrija, akanyonya, akameza, akanipa.

"Kalani, nimekuja kukushukuru. Wale wa ofisini wanakueleza ndege, wanakueleza shule, hawakuelezi baridi. Wewe ndiye uliyenieleza. Jumatatu nakwenda kukataa."

Nikamwuliza akikataa atakwenda wapi, maana kila mtu anajua kambi inafungwa.

"Nitarudi kwetu na wengine."

Kwao kuna nini? Alishanisimulia. Shamba la marehemu mume wake linalimwa na watu wengine, na mara ya mwisho ndugu wa mume walipouliza, walifukuzwa kwa mapanga. Yote hayo aliyajua kuliko mimi. Alikuwa ameyaweka kwenye mizani upande mmoja, na upande wa pili akaweka friji la Shabani.

Nikapokea mrija. Niliona jinsi ulivyokuwa bado umelowa mahali alipouweka mdomo. Yeye alionja alichoniletea. Mimi nilichompelekea, nani alionja?

Nikanywa.

Mama naye akanyweshwa kidogo, akatabasamu kwa nusu yake. Mama Fina akamgeuza, akamfunika, akaaga, akaondoka kabla askari wa getini hawajaanza ukali wao wa jioni.

Nilibaki nimekaa kwenye kigoda karibu na kitanda. Lazima niwaeleze kitu kingine. Kila Jumamosi nikirudi kutoka mjini humsomea mama joto la ile miji. Hapendi siasa wala habari za vifo kwenye redio, lakini hili analipenda. Nikitaja mahali penye theluji husema, "Hao walimkosea nini Mungu?" na kucheka. Basi jana, baada ya Mama Fina kuondoka, akaniita.

"Winipeg," akasema. Lilimchukua muda kulitamka. "Si ule mji uliosema sasa una joto kama letu?"

"Ndiyo, mama."

Nilisubiri anikaripie. Nilitamani anikaripie. Mama yangu ndiye aliyewahi kunirudisha sokoni kwa miguu, nikiwa mtoto, nikamrudishie muuza ndizi kile alichonizidishia. Nilijua atasema neno, nami nitatii, na mzigo utakuwa umenitoka.

Akautoa mkono wake mzima chini ya blanketi na kunishika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu kiasi kile.

"Usimwambie," akasema.

Kisha akageuza uso ukutani.

Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Sikumlaumu na simlaumu sasa. Yeye anaogopa kulishwa na mtu asiyempenda kumlisha. Ila nilielewa kwamba nilichofanya si changu tena peke yangu. Nimemchukua mama yangu, mtu mnyofu kuliko wote ninaowajua, nikamfanya aseme neno lile.

Leo baada ya misa sikurudi nyumbani. Nilimwomba jirani akae na mama, nikaenda mpaka kwenye soko dogo lililo nje ya kambi, ambako Mama Fina huchagua maharage ya kuuza siku za Jumapili. Fina alikuwa kando yake akisuka mkeka wa kuchezea. Nikaamkia. Nikapiga magoti karibu na ungo na kuanza kuchagua naye, kwa sababu sikuweza kusema nikiwa nimesimama.

Nilisema yote. Nilisema kuhusu Adelaide na Winipeg, kwamba moja iko chini ya ikweta na nyingine juu, kwamba mwezi wa saba mmoja unatetemeka na mwingine unatoka jasho. Nilisema sasa hivi Winipeg ni kama hapa tulipokaa. Sikumficha baridi pia: nilisema inaanza mwezi wa kumi na moja na haiondoki mpaka wa nne, kwamba inazidi lile friji mara nyingi, kwamba nyumba zao zina moto wa kupasha kila chumba, na kwamba kifua cha Fina sikijui, si daktari. Nilisema maharage wanapanda mwishoni mwa mwezi wa tano.

Hakuacha kuchagua. Jiwe dogo huku, punje iliyooza kule.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Hata ya maharage?"

"Hata ya maharage."

Akapepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Sasa, Kalani, wiki iliyopita ulisema hujui. Leo unajua. Nikuamini wa lini?"

Nimekaa miaka nikiandika namba ili watu waniamini, na mtu wa kwanza aliyezihitaji kweli sina cha kumpa kuthibitisha kwamba leo sidanganyi. Mwisho nikamwambia asiniamini mimi. Ampigie mdogo wake amwulize jambo moja tu: mwezi wa kwanza huko Adelaide kulikuwaje?

Tukaenda kwa Shabani, maana simu yake ndiyo Venansi huipigia. Mama Fina akambipu Venansi. Tulisubiri huku Shabani akituangalia mmoja mmoja. Nadhani aliona macho yangu. Akauliza kuna nini, na Mama Fina, bila kupandisha sauti, akamweleza kwa maneno machache sana.

Shabani akalitazama friji lake. "Kwa hiyo Kalani ulikuja kukodi friji langu liwe shahidi wa uongo, na sikuambulia hata soda."

Hakuna aliyecheka.

Simu ikaita. Shabani akaiweka kwenye kipaza sauti. Venansi alikuwa na haraka na furaha, aliuliza Fina hajambo, aliuliza kama wameshapewa tarehe. Dada yake akamkatiza, akamwuliza swali. Walizungumza Kirundi, nami nilikifuata chote.

"Mwezi wa kwanza?" Venansi akasema. "Dada, usinikumbushe. Tulilala sakafuni, godoro lilikuwa kama limetoka jikoni. Watoto walikataa hata kuvaa shati. Ilikuwa joto ambalo kwetu halipo."

"Na sasa baridi."

"Sasa baridi. Ndivyo hapa palivyo, vinabadilishana."

Mama Fina alikuwa akinitazama mimi alipokuwa akimsikiliza yeye. "Na Kanada?" akamwuliza.

"Kanada mimi sipajui. Ila si uliniambia huko mna yule Kalani aliyesomea hayo mambo? Mwulize huyo."

Shabani akageuka, akajifanya anapanga kreti.

Simu ilipokatika tulitoka nje, tukasimama upande wa duka usio na jua. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Badala yake akaanza kunieleza mambo ya mama yangu, kwa sauti ileile aliyotumia siku zote, akihesabu kwa vidole.

Uji usiwe mzito. Uinue kijiko, ukidondoka kwa tone ndio wenyewe. Nikae kulia kwake, kwa sababu jicho la kushoto halioni vizuri, na kinachotokea kushoto humshtua, ndiyo maana wale wasichana aliwatemea. Akifunga mdomo nisimsukumie kijiko, nimguse shavu la upande mzima kwa nyuma ya kidole, ningoje, atafungua. Asilale kushoto, chini ya mgongo pameanza kuwa pekundu, pakipasuka hapatapona upesi. Anapenda kuambiwa habari wakati wa kula, habari yoyote, hata ya uongo, akasema, ilimradi asikae kimya.

Aliposema "hata ya uongo" hakunitazama. Sidhani alikusudia. Au alikusudia.

Nikamwuliza kama kesho atafika.

"Kesho nakwenda ofisini."

"Kukubali?"

"Kwenda kuwauliza wao vizuri. Mwezi kwa mwezi." Kisha akasema, "Nadhani tutakwenda. Fina hawezi kurudi kule."

"Na Jumanne?"

"Nitaona." Akafunga kanga. "Mama yako hana kosa. Yeye nitakuja kumuaga."

Sikumwambia alichosema mama jana jioni. Nimerudi nyumbani nikilifikiria hilo njia nzima. Nimetoka tu kukiri kwamba nilimkatia mtu ukweli nusu, na palepale nimemkatia tena. Sijui kama hii ni dhambi ya aina ileile. Nimejaribu kuipima nimeshindwa. Nilichoweza kuona ni kwamba safari hii sikuwa nikijikinga mimi. Lakini hata ile ya kwanza nilikuwa na jina zuri la kuipa.

Nyumbani nimepika uji. Nimeinua kijiko, umedondoka kwa tone. Nimekaa kulia kwake. Mama ameniangalia mikono, kisha mlangoni, kisha mikono tena. Amefunga mdomo. Nimemgusa shavu kwa nyuma ya kidole, nikangoja. Nimemweleza habari za misa, nani alikuja na nani hakuja. Nimengoja tena.

"Umemwambia," amesema.

"Nimemwambia, mama."

Chozi limemtoka jicho moja, lile zima. Hajala.

Nimemgeuza alalie kulia. Pale chini ya mgongo ni pekundu kweli, panalingana na kiganja changu. Kila siku nilikuwa naingia chumba hiki na sijawahi kupaona.

Kesho mizani itafunguliwa na mtu mwingine. Nimeshampelekea mwenyekiti ujumbe kwamba sitafika, na keshokutwa pia sijui. Asubuhi nitapika uji mwingine, mwepesi zaidi ya huu, nitakaa upande wake wa kulia, na akiniuliza Mama Fina yuko wapi nitamjibu kwamba yuko ofisini, na kwamba anaondoka, na mwezi gani, nitakapoujua.